Dakika ya Arobaini na Moja

Ganda lake lilishachanika, jina hatulijui.
Sisi tunaiita tu "ile".
"Wekeni ile," anasema mama Jumapili jioni,
luku ikisoma uniti nne na nusu,
na sote tunajua ipi.

Mwaka wa kumi na moja huu tunaiangalia.
Mjomba Pazi, fundi makochi wa hapa hapa Keko Machungwa,
haangalii watu. Anaangalia samani.
"Ule si mlango, ni plaiwudi,
ndiyo maana stelingi kauvunja kwa bega moja.
Angekuja kwangu kuupiga mninga, tungemzika saa kumi."
Kila mara anasema hivyo. Kila mara tunacheka,
isipokuwa Mwanahawa, anayetaka wimbo urukwe
wakati sisi tunataka urudiwe;
rimoti imefungwa rababendi kwa ajili ya vita hivyo.

Mama Nyangeta wa chumba cha pili huja na kigoda chake
dakika ya thelathini, si kabla.
Mwanzo wote anauita mapambo.
Huja kulia; akishalia hurudi kwenye maharage yake.
"Mama mkwe ana haki," husema akiwa mlangoni,
macho bado mabichi.
"Hata mimi ningemfukuza."

Basi, dakika ya arobaini na moja
yule mwanamke anashika begi, usiku,
mvua inayotoka kwenye mpira wa zimamoto,
mumewe anamwuliza: Unaniacha kwa kosa gani?
Anafungua mdomo
na picha inaganda.
Vigae vya kijani, vya zambarau,
uso umekatwa vipande kama sabuni ya mche,
deki inakoroma,
halafu tunamkuta yuko ndani ya treni,
keshasema,
keshanyamaza.

Kosa gani?
Hapo ndipo nyumba yetu hugawanyika.
Mwanahawa: ana mimba, na si ya mumewe.
Mjomba: deni. Mtu haondoki na begi dogo vile ila kwa deni.
Mimi nilipokuwa darasa la tano nilisema amechoka tu,
wakaniambia nikalale.
Baba alikuwa akisema, "Subirini, mwakani itaonyesha,"
kana kwamba mkwaruzo ni kidonda.
Hakuwahi kuimaliza; usingizi ulimchukua treni ilipoanza kwenda.
Siku hizi ikifika treni tunapunguza sauti.
Hakuna aliyetuambia tupunguze.

Mama peke yake hajawahi kutoa jibu.
Akiulizwa huokota punje ya wali mkekani
akaitazama kama imemwita.
Juu ya kabati lake kuna begi la kahawia,
sijui la safari gani.

Mwezi jana Fikiri wa kibanda cha simu akaleta flashi.
"Nimeipata nzima, mama. Haina hata chunusi."
Tukajaa. Mama Nyangeta alikuja tangu mwanzo,
akaiona harusi kwa mara ya kwanza,
akasema, "Kumbe walipendana!"
Dakika ya thelathini na tisa. Arobaini.
Begi. Mvua. Kosa gani?
Akafungua mdomo,
mdomo ukacheza, muda mrefu,
machozi yakamfika kidevuni,
na mtafsiri wetu, juu ya maneno yake yote,
akawasalimu wateja wake wa Manzese,
akataja namba ya duka,
akasema santuri tupu zimeshuka bei,
akamshukuru fundi wake wa redio, Mungu amzidishie,
na treni hiyoo.

Mjomba alitukana tusi la karakana.
Mwanahawa alirudisha nyuma mara tatu,
akiisoma midomo kwa Kihindi asichokijua.
Fikiri aliomba radhi kama vile yeye ndiye mtafsiri.
Mama alicheka mpaka akashika mbavu,
akafuta macho kwa upindo wa kanga,
akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Mtoeni huyo," akasema. "Wekeni ile."

Uniti zilikuwa zimebaki mbili.
Zingetutosha kufika mkwaruzoni.